Isaya 45:7: ni ubaya au maafa?

SWALI: Biblia ya Union, Isaya 45:7, inamtaja Mungu kuwa anafanya suluhu na "kuhuluku ubaya" (yaani kuuumba). Kiongozi wa kikundi chetu anasema Kiebrania kinamaanisha maafa, si dhambi. Neno lenyewe ni lipi, na maana yake tutaitambuaje? – Msomaji, Temeke

JIBU: Kwa aya hiyo yuko sahihi, ila asiifanye kanuni ya Biblia nzima.

Neno ni ra', na umbo lake la kike ni ra'ah. Alama ' katika maneno hayo ni herufi ayin ya Kiebrania, inayotoka kooni kama ain ya Kiarabu. Msilichanganye na ra'ah "kuona", lenye herufi alefu badala ya ayin. Kwa herufi zetu yanaonekana pacha. Hesabu 11:15 inayakutanisha: Musa hataki kuona (er'eh) ra'ati, yaani masaibu yake.

Ra'ah huwa sifa ("njia mbaya") au jina linalojitegemea, na kitenzi hukubaliana nalo: katika Amosi 3:6 ni tihyeh, umbo la kike. Likiunganishwa na jina jingine huwa ra'at, na t hiyo hubaki penye kimilikishi: ra'ati "yangu", ra'atam "yao". Wingi ni ra'ot.

Umbo halitoi maana. Ra'at ha'adam ya Mwanzo 6:5 ni uovu wa binadamu, wakati ra'ati ya Musa ni mateso. Someni Yona, hakuna darasa zuri kama hilo: 1:2 ni uovu wa Ninawi, 1:7 ni dhoruba, 4:6 ni adha ya Yona mwenyewe, na 3:10 ina njia mbaya na maafa katika aya moja. Ulizeni: hapa kuna mtu aliyetenda, au kuna mtu aliyefikwa na jambo?

Kisha tazameni jozi. Isaya anapanga nuru na giza, shalom na ra'. Kinyume cha shalom, yaani amani na ustawi, ni maafa. Gombo kubwa la Isaya la Qumran, nakala ya kale iliyopatikana pangoni karibu na Bahari ya Chumvi, lina tob, "mema", mahali pa shalom, na hapo jozi inalegea kidogo. Lakini sura inamhusu Koreshi, mfalme wa Uajemi, na kuanguka kwa falme, kwa hiyo maafa bado yanakaa vizuri zaidi.

Union haikukosea sana. Siku hizi "amenifanyia ubaya" ni tendo, ilhali "mabaya yamemfika" ni balaa. Ra' hubeba yote mawili. Mkitumia kwenye simu namba za Strong, zinazotambulisha maneno ya asili ya Biblia, 7451 inajumuisha ra' na ra'ah pamoja na maana zake zote, kwa hiyo orodha ile peke yake haiwezi kuamua aya yenu.