Kona ya Kocha: Kilo nane ndani ya siku tisa

Maswali ya wasomaji kuhusu MMA, yanajibiwa na kocha wa mapigano mchanganyiko kutoka Kirumba, Mwanza.

Kocha, shikamoo. Nina miaka 22, nimecheza ngumi za ridhaa na sasa nimeingia MMA. Promota amenipigia, kuna pambano Dar es Salaam, mmoja wa waliopangwa ameumia na wananitaka mimi nizibe. Uzito ni unyoya, kilo 65.8. Leo asubuhi nimepima nina 74. Zimebaki siku tisa. Rafiki yangu ana vidonge vya kukojoza, na anasema atanivalisha koti la mvua nikimbie mchana wa jua kali. Naomba unipangie. (Kijana wa Igoma)

Marahaba, mwanangu. Mpigie promota leo hii, umwambie uzito huo huchezi. Mwambie uzito mwepesi, kilo 70.3, unauweza. Akikataa, pambano hilo si lako.

Najua umekunja uso, kwa hiyo nikueleze. Kutoka 74 hadi 65.8 ni kilo 8.2, zaidi ya sehemu ya kumi ya mwili wako. Siku tisa hazitoshi kuyeyusha mafuta hata ya kilo mbili. Zinazobaki zote utazitoa kwenye maji, na maji hayo yanatoka hadi kwenye damu. Damu inakuwa nzito, moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa, halafu jasho linakatika. Jasho likikatika, joto la mwili halina pa kutokea. Desemba 2015 mpiganaji wa China, Yang Jian Bing, mwenye miaka 21, alianguka akiwa anapunguza uzito kwa ajili ya pambano la Manila, akafariki kabla ya kurusha ngumi hata moja. Baada ya hapo waandaaji wa pambano lile, ONE Championship, wakaanza kupima mkojo wa wapiganaji. Ukikutwa umekauka hupiti, hata kama mizani imesoma sawasawa.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna la ziada. Huku watu wengi wamebeba kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, bila kujijua. Umekirithi kwa mzazi mmoja tu, huumwi, unacheza mpira, unabeba magunia, hakuna dalili. Sasa mtu huyo umkaushe maji, umvalishe koti la mvua, umkimbize kupanda mawe ya Bugarika saa saba mchana. Chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja mwilini, misuli ikaanza kufa na figo zikafuata. Ndiyo sababu kwangu hakuna kijana anayeguswa maji yake kabla hajapima selimundu. Na kama umetoka kuumwa malaria hivi karibuni, useme. Bandama huvimba kwa malaria, na goti moja la ubavu wa kushoto linaweza kuipasua. Kijana wangu akiugua, namsubiri mpaka daktari aipapase bandama na kuniambia imerudi mahali pake.

Vidonge vitupe chooni. Vinaondoka na madini yanayoendesha mapigo ya moyo, na vimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa na WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, ndani ya mashindano na nje ya mashindano.

Promota akikubali 70.3, una kilo 3.7 za kushusha, na hizo zinashuka kwa chakula. Kuanzia leo acha chapati, chipsi na soda. Kula sato wa kuchemsha, mayai, mboga za majani, ugali kiasi asubuhi na mchana. Siku nne za mwisho tunapunguza wanga karibu wote, matobolwa na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ikiwemo, kwa sababu kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye msuli inashikilia kama gramu tatu za maji. Ukipunguza wanga, maji hayo yanatoka yenyewe bila jua wala koti. Chumvi nayo ishuke, na kayabo, samaki wa chumvi, usiiguse kabisa. Siku moja kabla ya mizani acha maharage na majani ili tumbo libaki tupu. Pima kila asubuhi baada ya choo na kabla ya kunywa kitu, kwenye mzani uleule. Mimi mchana napima dagaa sokoni Mwaloni na jioni napima vijana, na nakuhakikishia mizani miwili haisomi sawa.

Jambo la basi watu hulidharau. Kutoka stendi ya Nyegezi hadi Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kijana anakaa siku nzima miguu ikijaa maji, anakula alichokipata Singida, anashuka usiku na kesho yake apande mizani. Sikubali. Kwangu tunafika siku tatu kabla, hata kama tutalala kwa ndugu chini kwenye mkeka. Uzito hupimwa siku moja kabla ya pambano, na ukishuka kwenye mizani unakunywa maji ya ORS funda kwa funda, halafu wali na samaki kidogo kidogo mpaka usiku. Anayebugia lita mbili kwa mkupuo atazitapika.

Kocha, tunafanya mazoezi ya kuogelea ufukweni mwa ziwa ili kuongeza pumzi. Kuna ubaya? (Vijana wa Sengerema)

Kuna kichocho. Kinaishi kwenye konokono wa maji ya pembeni yenye majani, palepale mnapoingilia, na kinapenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Mpiganaji mwenye kichocho anachoka, damu inapungua, na atadhani mazoezi hayamfai. Nendeni zahanati mpimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu, ila ukirudi majini unaambukizwa upya. Pumzi itafuteni kilimani.

Habari za kazi, kocha. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa Nyegezi. Kwenye televisheni naona makocha wanapiga kelele tu nje ya kizimba. Usiku wa pambano kocha anafanya nini hasa? (Dada wa Nyegezi)

Nzuri, dada yangu. Kama watu wanaingia ukumbini saa kumi na mbili jioni, mimi nimefika saa tisa. Kwanza napanda kizimbani navua viatu, natembea peku. Turubai likichorwa matangazo ya wadhamini, palipopakwa rangi huteleza jasho likidondoka, na nataka kijana wangu ajue sehemu hizo ziko wapi kabla mpinzani wake hajajua. Naegemea nyavu nione zinarudishaje mwili.

Kisha mikono. Glovu za MMA ni wakia 4 tu na vidole viko wazi, wakati bondia anavaa wakia 8 au 10. Kwa hiyo mfupa wa kiganja una kinga ndogo sana, na mara nyingi unavunjika kwa kupiga kuliko kwa kupigwa. Nafunga shashi taratibu, halafu plasta, naacha nafasi katikati ya vidole maana kijana huyu atahitaji kushika na kupiga kabari, hatarusha ngumi peke yake. Msimamizi anasimama juu yetu anaangalia kila mzunguko, nikimaliza anasaini juu ya plasta. Namwambia kijana akunje, afungue, akunje tena. Akisema kidole kinakufa ganzi nakata yote naanza upya, hata kama wanatuita.

Kazi ngumu kuliko zote usiku ule ni kupasha mwili moto. Bondia na mpiganaji wa MMA wote hawajui pambano linalotangulia lao litaisha lini. Raundi tatu za dakika tano tano zinaweza kufika mwisho, au mtu akaanguka kwa KO sekunde ya ishirini. Ukimpasha mapema anapoa amekaa, ukichelewa anaingia na misuli ya mtu aliyetoka kulala. Kwa hiyo namweka mtu mmoja mlangoni kwenye pazia, kazi yake ni kutazama tu na kunipa ishara. Tunapasha kwa awamu: jasho la kwanza, koti linarudi, tunakaa. Pambano la mbele yetu likianza tunapasha tena. Napenda kijana aingie akiwa ameshatokwa jasho na ameshapumua kwa nguvu mara moja, kwa sababu zile dakika mbili za kwanza za kukosa hewa heri zimpate chumbani na mimi.

Katikati ya hapo kuna hofu. Kijana anapiga miayo, anakwenda haja ndogo kila mara. Watu wakiona miayo wanasema huyu amelala, kumbe ni mwili unajiandaa. Hapo simpi hotuba. Namuuliza habari za nyumbani, bei ya dagaa, nani alifunga goli kule Mabatini Jumapili.

Kelele unazoziona zina mpango. Kona yangu ina watu watatu, lakini anayesema ni mmoja, maana masikio ya mtu anayepigana hayapokei sauti tatu. Tukicheza mbali nasema kwa Kisukuma. Kijana wa Misungwi anaelewa, kona ya mpinzani inabaki kutazamana. Mapumziko ni dakika moja tu. Kiti, barafu shingoni, na hakuna anayefungua mdomo mpaka ametoa pumzi ndefu. Kisha namuuliza tuko raundi ya ngapi. Akikosea, kuna jambo kichwani, na mazungumzo ya mbinu yanaishia hapo. Akijibu vizuri nampa kitu kimoja cha kufanya. Kuhusu pointi namwambia ukweli: majaji ni watatu, mshindi wa raundi anapata 10, na kama ya kwanza na ya pili zimekwenda, ajue zimekwenda.

Taulo, ambalo nikilitupa pambano linasimamishwa, liko begani mwangu kuanzia raundi ya kwanza. Tunakubaliana kambini kwamba katika hilo yeye hana kauli, na mzazi wake namweleza pia. Natazama mikono kama bado inarudi usoni baada ya kupiga. Natazama miguu. Na akianza kunitazama mimi badala ya mpinzani, nalimaliza pambano. Nimewahi kupigiwa kelele na ukumbi mzima kwa kutupa taulo, na kijana mwenyewe hakuniongelesha njia yote ya kurudi. Leo ana duka la vipuri na watoto wawili, na anahesabu fedha zake vizuri. Ningelitupa tena.

Kocha analipwaje? (Msomaji wa Musoma)

Iliyozoeleka ni asilimia 10 ya malipo ya mpiganaji. Kijana anayeanza hulipwa kidogo, na asilimia 10 ya kidogo haifiki nauli. Mimi naishi kwa dagaa. Kocha anayekwambia anaishi kwa vijana chipukizi, angalia vizuri anawapiganisha mara ngapi kwa mwaka.

Kocha, mwanangu alipigwa akazimia ulingoni wiki tatu zilizopita. Alizinduka, akacheka, akasema yuko salama. Sasa usiku analalamika kichwa, taa inamuumiza macho, na amekuwa mkali kwa wadogo zake. Kocha wake anasema ni kawaida, arudi mazoezini wapigane taratibu. Nimefikiria kuficha glovu zake. Unanishauri nini? (Mama wa Kitangiri)

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma zaidi ya nyingine zote, na mwanao asipigane, taratibu wala kwa nguvu. Kichwa kuuma, mwanga kuumiza, hasira isiyokuwepo zamani: hizo ni dalili kwamba ubongo uliotikisika bado haujapona. Ubongo ulio katika hali hiyo ukipigwa tena, hata pigo dogo, unaweza kuvimba ghafla, na vijana wamefariki kwa pigo la pili la namna hiyo.

Kesho mpeleke hospitali. Bugando wana kipimo cha CT. Ila ujue kwamba picha ikitoka safi haina maana kwamba amepona, maana CT inaonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, mtikisiko wenyewe hauonekani. Kwa hiyo mwambie daktari haya uliyoniandikia, pamoja na hasira, kwa sababu kijana mwenyewe hatayasema. Na wakati wowote akitapika, akasinzia kiasi cha kuamshwa kwa shida, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, au mwili ukakakamaa na kutetemeka, usingoje asubuhi. Chukua gari usiku huohuo.

Mahali penye usimamizi mzuri, aliyepigwa KO hufungiwa siku 30, 60 hata 90 kulingana na pigo, na ndani ya muda huo haguswi kichwa hata mazoezini. Kwangu siku hizo sianzi kuzihesabu mpaka kichwa kimeacha kuuma. Baada ya hapo anatembea, anakimbia polepole, anapiga hewa peke yake, anarudi kwenye begi, na dalili ikirudi tunashuka hatua moja. Kupigana na mwenzake ni hatua ya mwisho kabisa, na inahitaji karatasi ya daktari.

Akitaka kuja jioni kwenye mkeka wangu kukaa na wenzake, aje. Atanishikia saa, atasaidia kupangusa mkeka kwa dawa ili wenzake wasipate choa. Kijana aliyezoea mazoezi akifungiwa ndani peke yake anaumia kwa namna nyingine.

Glovu usizifiche, mama. Ataazima za mwenzake, na wewe hutajua. Ingia naye kwa daktari, mwombe daktari aitamke tarehe mbele yake na aiandike, kisha nenda na karatasi hiyo kwa kocha wake umkabidhi mkononi, mkiwa wote watatu.