Jibu: Kipande cha sheli kwenye Org kinafeli na matokeo hayaonekani

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: kipande chako cha bash ndani ya hati ya Org (aina ya hati za Emacs inayoweza kuendesha kodi iliyomo) kina `grep`, amri ya kutafuta neno, na isipopata neno matokeo hayaingii kwenye hati, badala yake linafunguka dirisha la makosa.

Kabla ya kubadili chochote, angalia namba inayorudishwa na amri. Weka `echo $?` mara tu baada yake. `grep` hurudisha 1 isipopata kitu na 2 ikikutana na kosa la kweli, kama faili lisilosomeka. Org haitofautishi hayo mawili. Kwake chochote kisicho 0 ni kufeli.

Mimi huandika hivi kwenye kichwa cha kipande:

`:results output :prologue "exec 2>&1" :epilogue ":"`

Sehemu ya `:prologue` inaleta ujumbe wa makosa pamoja na matokeo. Ile nukta mbili ya mwisho ni amri inayorudisha 0 daima, kwa hiyo Org inakubali kuandika yote. Lakini usiitumie kila mahali, tafadhali! Inaficha pia makosa unayopaswa kuyaona. Kwa `grep` peke yake ni salama zaidi kumalizia na `|| [ $? -eq 1 ]`, maana 2 bado itapiga kelele.

Kama kuna `set -e`, yaani sheli isimame mara amri inapofeli, nukta mbili haitafikiwa. Na ukitumia `:session`, yaani sheli moja inayobaki wazi kati ya kipande na kipande, ondoa `set -e` kabisa: amri moja ikifeli, sheli nzima inafungwa. Hilo lilinipotezea jioni nzima.