Kambale mkubwa mwenye vidonda vyekundu

Kaka wa Chumbageni uliyeuliza kama umwage dawa ya oksitetrasaiklini (antibiotiki) kwenye tangi, vidonda vyekundu na mapezi yaliyolika kwa kambale wako wa kilo 4 vinaashiria bakteria, na chanzo mara nyingi ni maji machafu. Leo badilisha nusu ya maji. Ya bomba yaondoe klorini kwanza.

Tafadhali usimimine dawa tangini: maji magumu (yenye madini mengi) ya kisima hudhoofisha oksitetrasaiklini, na bakteria wema wa kichujio hufa. Maadamu bado anakula, ipitishe kwenye chakula: miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito wa samaki, yaani 300 kwa siku, siku 10 bila kukatiza hata akionekana kapona. Kwa unga wa asilimia 20 hiyo ni gramu 1.5, koroga na mafuta kidogo ya kupikia, paka gramu 40 za chakula. Akisusa kula, daktari wa mifugo amchome sindano.