Wasomaji Wanauliza: Kigae kikitoka kwenye mtaro, ni cha nani?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mkandarasi anapitisha mtaro wa bomba la maji kwenye shamba langu la mikorosho. Wamekuta vigae vingi vya vyungu, shanga na sarafu mbili za shaba. Mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuja nao amevifunga na kuondoka navyo. Shamba ni langu. Sina haki hata ya sarafu moja?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Huna, ila na yeye hana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na vinavyofukuliwa ni mali ya umma. Hati yako inakupa haki ya kutumia ardhi. Fidia ya mikorosho inalipia mikorosho. Leseni ya mtaalamu nayo inamruhusu kuchimba na kuchunguza, basi. Mkandarasi na mfadhili wa mradi hawana chao hapo.

Swali zito zaidi ni hili: vimekwenda wapi? Katika kazi za miradi mtaalamu hulipwa kwa ripoti. Ripoti ikipokelewa mkataba umekwisha, na masanduku yanabaki kwenye stoo ambayo hakuna aliyetengewa fedha za kuitunza. Miaka michache baadaye lebo zimefutika, panya wametoboa mifuko, na Serikali inamiliki rundo la vigae visivyojulikana vilitoka wapi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidai sarafu. Dai nakala ya orodha ya makabidhiano, iwe na saini, na nyingine ibaki kwa mtendaji. "Vigae vingi" si orodha. Orodha ni: mfuko na. 14, shimo na. 3, kina sm 40 hadi 60, vigae 37, gramu 612, vinapelekwa mahali fulani. Kila sarafu ipigwe picha pande zote mbili, rula ikiwa pembeni. Sarafu za shaba za Kilwa ni ndogo na zina maandishi ya Kiarabu. Akitokea mtu wa kuisugua kwa ndimu au msasa, mzuie. Mara nyingi herufi zimebaki kwenye ule ukijani wenyewe, ukiutoa umetoa na maandishi.

SWALI: Katapila limefukua kitu kama tanuri la kuyeyushia chuma. Bosi anasema tupige picha tuendelee, kwa kuwa tathmini ya mazingira ilishapita. Ni sawa?
Msimamizi wa saiti, Lindi

JIBU: Si sawa. Cheti cha mazingira hakifuti Sheria ya Mambo ya Kale, inayomtaka anayegundua kitu atoe taarifa. Halafu tathmini hutembea juu ya ardhi na kuchimba vishimo vichache vya majaribio. Kilicho chini ya mita moja kinaweza kupitwa kabisa.

Simamisha mashine hapo tu, si saiti nzima. Wasimamizi wengi huficha kwa kuogopa kazi yote kufungwa, na hofu hiyo ndiyo inayovunja matanuri. Zungushia utepe, hamishia katapila kwingine, chukua GPS na picha zenye rula. Mavi ya chuma (masalia yanayobaki chuma kikiyeyushwa), vipande vya mabomba ya mivukuto na mkaa viache vilivyolala, maana tanuri husomeka kwa mpangilio wake. Mkaa usishikwe kabisa: ndio utakaopimwa umri. Mpe taarifa ya maandishi mtendaji wa kijiji na afisa utamaduni wa halmashauri, na nakala iende Idara ya Mambo ya Kale. Ikitokea mifupa ya watu, polisi kwanza. Makaburi yanayojulikana yana sheria yake ya kuyahamisha, ya mwaka 1969.

Mwambie bosi wako pia aangalie mkataba. Mavi ya chuma yanaweza kujaza lori, na hakuna makumbusho yatakayoyapokea yote. Kawaida hupimwa uzito, sampuli ikahifadhiwa, mengine yakarudishwa shimoni. Lakini kutupa ni uamuzi wa mwenye mali, yaani Serikali, kwa hiyo kibali cha maandishi kitangulie.

SWALI: Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, hapa Lindi, iko Berlin tangu uchimbaji wa 1909 hadi 1913. Vya leo vitabaki kwetu?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Kuvitoa nchini kunahitaji kibali, hata kama ni mkaa wa kupimwa maabara. Kuvibakiza mkoani, mwalimu, kunahitaji chumba kikavu chenye kufuli, daftari na mtu mwenye jina anayewajibika. Vigae vya pwani vina chumvi: viloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, badilisha maji mara kadhaa, kisha kausha kivulini. Ukiruka hatua hiyo chumvi itaganda ndani, na nakshi itabanduka ikiwa kabatini.