Nimwendeleze Mwanangu Hadi Wapi Katika Kuandika Programu?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka saba na anasoma darasa la pili katika shule ya msingi hapa Tanga. Tangu mjomba wake alipoweka Scratch, programu ya watoto ya kutengenezea michezo na hadithi kwa kupachika vipande vya amri, kwenye kompyuta mpakato yake ya zamani na kutuachia, kila jioni mtoto huomba aitumie, na amekwisha kutengeneza mchezo wa paka anayemkimbiza panya. Mjomba anashikilia kwamba kipaji hakingojei, kwa hiyo aanze Python, lugha ya kuandikia programu kwa kuchapa, sasa na alipiwe mafunzo ya kila Jumamosi. Bibi yake anasema tunamharibu macho na kumtenga na wenzake. Mimi mwenyewe sijui kompyuta. Naogopa kumzuia na naogopa kumsukuma. Nimwache afike wapi?

Mama wa Tanga

JIBU: Mama, usimlipie mafunzo hayo kwa sasa, usimwanzishe Python, lakini pia usimnyang'anye kompyuta. Mtoto aliyemfanya paka amkimbize panya tayari anaandika programu, na mjomba anayeiona Scratch kuwa mchezo tu wa kupitia ili kuifikia kazi yenyewe anaipunguzia thamani kazi ambayo mpwa wake ameifanya kweli. Scratch ilitolewa mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, Marekani, ikiwalenga hasa watoto wa miaka 8 hadi 16, kwa hiyo mwanao bado yuko mlangoni. Python humtaka mwandishi achape kila neno na kila alama mahali pake, na maneno yake ni ya Kiingereza. Mtoto wa darasa la pili atamaliza nguvu zake akitafuta nukta mbili aliyoisahau, ilhali katika Scratch anaweza kuchagua Kiswahili kwenye orodha ya lugha na kupachika amri kama mtu anayepanga matofali.

Kutojua kwako kompyuta kusikutie unyonge. Mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na wenzao walibuni Logo, lugha ya kompyuta kwa watoto, ambayo baadaye ilipata kobe wa roboti au wa kwenye skrini, anayefuata amri na kuchora mstari kila anapotembea. Papert, aliyekuwa amefanya kazi na Jean Piaget, mtafiti wa jinsi watoto wanavyofikiri, mjini Geneva, aliamini kwamba mtoto humwelewa kobe kupitia mwili wake mwenyewe: akikwama, na asimame atembee kama kobe. Kwa kutembea tu, wewe unaweza kuwa kobe huyo. Tokeni uani penye mchanga, umwambie mwanao akuamuru utembee mraba, nawe ufanye lile analolisema na si lile unalodhani amekusudia. Atasema uende hatua tano, ugeuke kulia nyuzi 90, urudie mara nne, na mraba utafungika. Kisha mwombe pembetatu yenye pande sawa. Hata watu wazima waliofaulu hesabu mara nyingi hujibu nyuzi 60, kwa sababu ndiyo pembe ya ndani waliyofundishwa. Lakini anayetembea hugeuka kwa kipimo cha pembe ya nje, ambayo ni 120, na ukiitii 60 kwa uaminifu, upande wa tatu utaisha ukiwa mbali na ulipoanzia, na ukiendelea utafunga umbo la pande sita. Usimsahihishe. Mwache azitazame nyayo zako mchangani, abishane nawe, ajaribu nyuzi nyingine, kwani kulitafuta kosa katika amri alizozitoa mwenyewe ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii, na haihitaji umeme wala ada.

Bibi naye asipuuzwe. Imethibitika kwamba watoto wanaokaa zaidi nje mchana hupungukiwa na hatari ya kupata macho yasiyoona mbali vizuri, kwa hiyo mpira na wenzake utangulie, na kompyuta ifuate kwa nusu saa au zaidi kidogo, isifike saa ya kulala. Scratch ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti, na ningependa ibaki hivyo kwa sasa, maana kwenye tovuti yake watu huandikiana maoni, na huko mtoto wa miaka saba asiende peke yake.

Utajuaje kwamba wakati wa kusonga mbele umefika? Tazama anachokitengeneza. Akitunga mambo yake mwenyewe na kukuita uyaone, yuko sawa hata kama ni paka yuleyule kwa miezi mitatu. Akikaa tu kucheza michezo ya wengine, hapo ni burudani na ipimwe kama burudani. Siku atakapolalamika kwamba Scratch haimwezeshi kufanya jambo fulani alilolifikiria, naye akiwa anasoma na kuchapa bila taabu, mjomba amwonyeshe Python, ambayo haina malipo. Kwa watoto wengi sioni haja ya kuanza kabla ya miaka kumi hivi. Hadi wakati huo mwombe mjomba akae kando yake na kumuuliza, "Ulitaka paka afanye nini, na amefanya nini?", pasipo kukishika kipanya. Na mtoto akiiacha kompyuta kwa muda kwa sababu amependa kitu kingine, mwacheni aiache, nayo ibaki pale alipoizoea.