Matete yasafishe maji ya hosteli

Dada, umeuliza kama mimea inaweza kusafisha maji ya jikoni na ya kufulia ya hosteli yenu hapo Mwanza kabla hayajafika kijitoni. Inaweza, ila usianze na mimea. Anza na shimo la kunasa mafuta na kutuamisha uchafu, maana mafuta yakiingia kwenye kokoto zitaziba, na kazi yote imeharibika.

Kisha chimba bwawa la kina cha sentimita 60 hivi, litandike nailoni nzito, lijaze kokoto, upande matete. Maji yapite katikati ya kokoto, yasionekane juu. Hapo mbu hawapati pa kuzalia. Ukichomoa kokoto moja baada ya miezi kadhaa utaigusa ina utelezi: ndio bakteria wanaokula uchafu. Kampala, mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo yamechuja majitaka ya mji kwa miaka mingi kabla hayajaingia ziwani.

Ukishauriwa kupanda gugu maji, nakusihi ukatae. Miaka ya 1990 lilitesa wavuvi wa Ziwa Victoria. Maji yatakayotoka mwagilieni migomba, si mboga za kuliwa mbichi.