Kabla Mlango Haujafunguliwa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama Yasmin wa riwaya ya Vuta n'kuvute ni mfano mwema kwa binti wa leo, limenigusa. Kidato cha tano tulikariri jibu: ni jasiri, ana msimamo. Mimi nasema sifa hizo apewe Mwajuma.

Shafi Adam Shafi anaturudisha Unguja ya miaka ya 1950, enzi ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye duka Mtendeni, mzee wa miaka 52. Anamkimbia, na jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, Mwafrika wa mtaa wa Ng'ambo ambaye mwenyewe hana kitu. Asingepokewa pale, angekwenda wapi?

Haya nayajua kwa mama yangu mdogo. Alirudi kwa babu, Tanga, saa nne usiku, mimi nina miaka 10. Babu alimjibu akiwa ndani: "Mke wa mtu hatembei usiku. Rudi kwa mumeo, tutazungumza asubuhi." Bibi kimya. Mimi ndiye niliyeshika kibatari, na babu akaniambia nitie komeo. Nikatia. Nilimsikia upande wa pili akivuta pumzi, kisha ndala zake zikaondoka taratibu mpaka kwa mama jirani, muuza vitumbua. Huko hakuulizwa kitu. Asubuhi nilipotumwa vitumbua nilimkuta mkekani karibu na jiko, anashona kofia ya viua. Macho yamevimba, lakini mkono hautetemeki, kila kitundu anakizungushia uzi kama jana hakikutokea kitu. Akanichagulia vitumbua vilivyoiva vizuri, akanifungia kwenye gazeti. Habari ya komeo hakuigusa. Tangu hapo kila nikiisoma riwaya hii namtazama Mwajuma kwanza.

Lakini nikiandika hapa, ile kofia inanisumbua. Alikuja na mfuko mmoja tu wa rambo. Ndani yake alitia kofia iliyoshonwa nusu, uzi na sindano, nguo akaziacha. Kwa hiyo kabla hajabisha mlango wowote alikwishajua atakula nini.

Basi Yasmin naye nimemdhulumu. Alipomwacha Raza Mombasa, walikohamia, akarudi Unguja, hakuwa na hakika kama kuna atakayempokea. Na wanaosema Denge, mpenzi wake mpigania uhuru, ndiye aliyemfumbua macho, sikubaliani nao: siasa alizipata kwa Denge, sawa, ila kwa Raza alikwishatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Jibu langu limekuwa ndiyo, ni mfano, japo nilianza nikikataa. Ila msimpe binti wa miaka 15 kitabu hiki mkamwambia aondoke tu, bila kumwonyesha mlango wa kubisha. Na mabinti wengine wana watoto mgongoni; kwao sina jibu jepesi.

Mama mdogo yu hai, bado anashona. Nani aliyetia komeo usiku ule, sijamwambia.

Msomaji wenu, Tanga